Besi inapotea bendi ikianza: punguza Blend kwanza

Ndugu, umesema ukipiga peke yako chumbani besi inanguruma vizuri, lakini ngoma na kinanda vikiingia haisikiki, nawe unatoka kwenye SansAmp Bass Driver, pedali ya kurekebisha sauti ya gitaa la besi, moja kwa moja hadi miksa. Toleo la kwanza la pedali hiyo halina kitufe cha sauti za kati, na saketi yake inazipunguza, ilhali ndizo zinazobeba noti. Rudisha Blend, kitufe kinachochanganya sauti ya pedali na sauti halisi ya gitaa, hadi nusu, ili sauti hiyo halisi ipenye. Presence, kitufe cha ukali wa sauti za juu, ishushe kabisa, kisha ipandishe kidogo kidogo mpaka usikie kidole kikikwaruza uzi, hapo simama. Kitufe cha Bass usikiguse. Na tafadhali, yafanye haya bendi nzima ikipiga, si chumbani.