Jibu: Nyuzi za gita langu la besi ziko juu, ning'oe freti?

Mkuu, kabla hujamruhusu huyo fundi ang'oe freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gita) eti nyuzi ziko juu, tafadhali angalia shingo kwanza. Finya uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, alafu chungulia pale freti ya 7 au ya 8. Nafasi kati ya uzi na freti ikiwa kama milimita 0.3 hivi iko sawa, lakini kadi ya ATM ikipita hapo bila kugusa uzi basi shingo imevutwa mbele, na kuna chuma ndani yake kimewekwa kwa kazi ya kuinyoosha. Legeza nyuzi kidogo, ingiza alen kii (ufunguo wa pembe sita) inayoingia sawasawa kwenye nati ya hicho chuma maana ikicheza itaila na hapo ndio utalia, zungusha robo mzunguko tu vile saa inaenda, tuni tena, uiache mpaka kesho ndio upime. Ikigoma usiilazimishe kabisa! Kushusha vitandiko vya daraja (vile vipande vinavyobeba nyuzi pale kwenye mwili wa gita) ni baadaye, shingo ikishanyooka. Alen kii tafuta Kirinyaga Road, Nairobi, uliza za inchi pia, besi nyingi za Fender za Marekani hazikubali za milimita.