Pichwai: saa ya ibada inajulikanaje kwenye picha?

SWALI: Assalaam aleikum. Duka moja la vitu vya kale Mkunazini linauza kitambaa kikubwa cha Kihindi. Kimechorwa mungu mweusi, mkono wa kushoto ameunyanyua, na pembezoni mna visanduku 24. Muuzaji anasema ni saa 24 za ibada hekaluni. Ni kweli? Na nikikinunua, nikitunze vipi na unyevunyevu wa huku kwetu?
Msomaji, Mwembetanga

JIBU: Waaleikum salaam. Hapana, si saa. Visanduku 24 ni sikukuu za mwaka. Ukiona lundo la wali, hiyo ni Annakut, siku inayofuata Diwali. Mwezi mpevu na wanawake wanaocheza duara ni Sharad Purnima. Kitambaa chenyewe huitwa pichwai. Asili yake ni pazia la nyuma ya sanamu katika hekalu la Nathdwara, Rajasthan, ilikohamishiwa sanamu ya Shrinathji mwaka 1672. Shrinathji ni Krishna akiwa mtoto wa miaka saba, na ule mkono wa kushoto unaubeba mlima Govardhan. Mabhatia wa Kachi, kabila la Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Unguja zama za Seyyid Said, wengi wao ni wafuasi wa ibada hii ya Shrinathji.

Ibada ya kutwa ina darshani nane, yaani nyakati nane za kufunguliwa mlango ili waumini wamwone: Mangala, Shringar, Gwal, Rajbhog, Utthapan, Bhog, Sandhya Arti na Shayan. Usiutafute wakati usoni, maana uso na mkao havibadiliki. Tazama nguo, mikono na vilivyowekwa mbele yake. Mangala ni kabla ya jua kuchomoza: hana filimbi, na majira ya baridi huvikwa joho lililotiwa pamba. Shringar ameshapambwa, ana shada la maua na filimbi, na huonyeshwa kioo ajitazame. Gwal ni wakati wa kupeleka ng'ombe malishoni. Rajbhog, chakula kikuu cha mchana, ndiyo ya fahari kuliko zote, na wachoraji humalizia ufundi wao hapo. Baada yake mlango hufungwa, mtoto alale. Utthapan huamshwa kwa baragumu la kombe. Bhog ni kitafunio cha alasiri, Sandhya Arti ng'ombe wanarudi na taa inazungushwa mbele yake, kisha Shayan, akalazwe. Mpangilio wote ni wa kulea mtoto, na anayeujua haoni tena picha hizi kuwa zinafanana.

Kuhusu kutunza: kazi ya zamani ni pamba iliyotiwa wanga, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki, na rangi za mawe na nili zilizochanganywa na gundi ya mgunga. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji, na wanga ni chakula cha kuvu na mende. Kwa hiyo usikitundike kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaotoka maji masika. Acha nafasi nyuma ipite hewa. Usikikunje, rangi itakatika kwenye mkunjo. Kizungushe kwenye bomba nene, upande wenye rangi ukiwa nje, juu yake shuka ya pamba iliyofuliwa bila wanga. Plastiki hapana, inafungia jasho ndani. Karafuu kabatini sawa, lakini zisikiguse. Mafuta yake huacha doa.

SWALI: Pichwai yetu ina mapambo ya fedha, sasa yamekuwa meusi. Tuyasugue kwa ndimu na jivu?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Msithubutu. Hiyo ni karatasi ya fedha, nyembamba mno, iliyobandikwa kwa gundi. Hewa ndiyo iliyoigeuza nyeusi. Ndimu itaing'oa pamoja na rangi ya jirani. Pangusieni vumbi kwa brashi laini na kavu, kutoka juu kwenda chini, na palipobanduka msipaguse.