Maswali na Majibu: Rimoti za Yunivaso na Hom Thieta za Zamani

Swali: Nina hom thieta ya Sony ambayo rimoti yake imepotea. Nimenunua rimoti ya yunivaso, ile inayoweza kuendesha mitambo ya kampuni mbalimbali, naomba msimbo wake, yaani namba ya kuipangia ielewane na mtambo wangu. (Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam)

Jibu: Msimbo wa modeli ipi, ndugu yangu? Swali hili hunifikia mara kwa mara bila namba ya modeli, na bila namba hiyo hakuna fundi anayeweza kulijibu, kwa kuwa Sony imetoa deki, amplifaya na hom thieta za aina nyingi mno, wala zote hazifuati msimbo mmoja. Geuza mtambo, soma kibandiko cha mgongoni na uandike namba ya modeli herufi kwa herufi. Kisha fungua kijitabu kilichokuja na rimoti mpya, maana kila mtengenezaji wa rimoti ana orodha yake, na msimbo wa One For All, moja ya chapa za rimoti hizi, hauna maana yoyote ndani ya rimoti ya kampuni nyingine. Wanaosambaza orodha za misimbo kwenye makundi ya WhatsApp bila kutaja ni za rimoti gani wanawapotezea watu muda.

Swali: Nimeiacha rimoti itafute msimbo yenyewe, nimebonyeza hadi kidole kikauma, na amplifaya yangu ya Yamaha haikuitika. Je, rimoti ni mbovu? (Msomaji wa Nakuru)

Jibu: Kwanza hakikisha kwamba inatoa mwanga: ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe, na utaona kitaa cha puani mwake kikimulika kwenye kioo cha simu, ingawa kwa macho huoni kitu. Ikiwa kinamulika, angalia kama ulichagua kundi la vifaa vya sauti, kwa sababu wengi hutafuta amplifaya chini ya kitufe cha televisheni na hawataipata huko milele. Mtambo uwe umewashwa, nawe ubonyeze polepole, ukisubiri kidogo kila mara, kwani anayeharakisha huupita msimbo sahihi kabla hajaona kwamba mtambo umezimika, na kuzimika huko ndiyo dalili kwamba msimbo umepatikana. Zaidi ya hayo, amplifaya nyingi za Yamaha na Onkyo zina namba ya utambulisho wa rimoti inayoweza kubadilishwa, na baadhi ya zile za Sony zina hali mbili zinazoitwa AV1 na AV2. Ikiwa mwenye mtambo wa awali aliibadilisha, msimbo sahihi kabisa utaonekana kama mbovu.

Swali: Misimbo imekubali, lakini ninaweza kupandisha na kushusha sauti tu. Menyu ya kupanga spika haifunguki. Rimoti ya zamani ninayo, ila vitufe vyake vingine vimekufa. (Mstaafu, Morogoro)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Wewe una hazina ambayo wengi wameitupa, na ningependa kila msomaji alielewe jambo hili. Misimbo ya kwenye vijitabu hubeba vitufe vya kawaida, yaani kuwasha, sauti na kubadilisha chanzo, huku vitufe vya menyu na vya kupanga spika mara nyingi vikiachwa nje. Kwenye hom thieta nyingi za zamani, vitufe hivyo havipo hata kwenye uso wa mtambo, kwa hiyo rimoti ya awali ikifa, nusu ya mtambo hufa nayo. Unachohitaji ni rimoti ya kunakili, ambayo haitegemei msimbo wowote bali husoma mimweko ya infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, ya rimoti ya zamani na kuihifadhi. Mimweko hiyo hupigwa takriban mara 38,000 kwa sekunde katika vifaa vingi, na mara 40,000 katika vile vya Sony, na rimoti nzuri ya kunakili huzipokea zote mbili.

Kabla ya kunakili, fufua vitufe vilivyokufa. Fungua rimoti ya zamani kwa uangalifu, toa mpira wa vitufe, na utaona chini ya kila kitufe kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa njia za umeme kwenye bodi. Kwa kawaida kati yake kuna utando wa mafuta ya vidole. Ufute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, bila kukwaruza, kisha uache pakauke. Weka betri mpya katika rimoti zote mbili, uzilaze mezani zikitazamana kwa umbali wa sentimita chache, mbali na jua na taa za kuokoa umeme, ambazo huingiza makelele katika ishara. Anza na vitufe vya menyu, kwa kuwa rimoti za bei nafuu zina kumbukumbu ndogo. Usingoje hadi mwezi ujao.

Swali: Kuna programu ya kugeuza simu kuwa rimoti ya deki ya zamani? (Tanga)

Jibu: Ipo, ikiwa simu yako ina kitaa cha infraredi, kama zilivyo nyingi za Xiaomi. Bila kitaa hicho, programu hizo zitakuletea matangazo tu.

Swali: Nimepata kwa bei nafuu amplifaya iliyotumika kutoka Japani, haina rimoti. Rimoti gani itaifaa? (Mombasa)

Jibu: Rimoti ndilo jambo la mwisho, kaka. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100 na wetu ni volti 230 hadi 240. Usiichomeke kabla ya kusoma volti mgongoni. Ikiwa imeandikwa 100 pekee, unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaolingana na amplifaya hiyo, na gharama yake huenda ikaimaliza nafuu uliyopata. Wauzaji wanaolijua hili na kunyamaza wanafanya dhuluma.

Swali: Rimoti yangu ya yunivaso husahau kila kitu nikibadilisha betri. (Zanzibar)

Jibu: Za zamani ndivyo zilivyo, kwa kuwa kumbukumbu yake hutegemea umeme wa betri. Andaa betri mpya mkononi kabla ya kutoa za zamani, usibonyeze kitufe chochote wakati betri zipo nje, na uandike misimbo yako kwenye karatasi uibandike ndani ya kifuniko cha betri.