Kadi za khanga zinapinda na hela haionekani: majibu kwa dada wa Morogoro

SWALI: Habari kaka. Niko Morogoro, natengeneza kadi kwa mkono hapa nyumbani, za bethdei, za hongera, za Idi na Krismasi, nabandika vipande vya khanga na magome ya mgomba yaliyokauka. Nachukua A4 ya manila nakunja katikati, inakua kadi moja. Kila kadi inanichukua kama dakika 40, vifaa vinakula kama 850, nauza 2,000. Zikikauka zinapinda, kwenye mkunjo panachanika, na hela siioni japo watu wanasifia sana. Sasa kuna duka la zawadi limeniomba kadi 60, sijui niwape kwa bei gani. Na kuna mtu kanishauri ninunue mashine ya kukatia, zile Cricut. Ninunue?

JIBU: Salama dada yangu, na hongera, maana duka kukufata lenyewe sio kitu kidogo, kuna watu wanatembeza kadi miezi hawajapata hata moja.

Maswali yako ni mengi ila karibu yote yanatokea sehemu moja, ukubwa wa kadi. Wengi wanaoanza hii kazi wanaanza na karatasi, mtu anachukua A4 anakunja, anapamba, akimaliza ndio anaanza kuzunguka mjini kutafuta bahasha ya kuiingiza. Wewe anza na bahasha. Nenda steshenari unayonunuaga uulize bahasha gani wanakua nazo mwaka mzima kwa bei poa, mara nyingi utakuta ile inaitwa C6, milimita 114 kwa 162, na hiyo inapokea kadi ya A6 ambayo ni 105 kwa 148. A6 iliyokunjwa inatoka kwenye A5 moja, kwahiyo A4 moja inakupa kadi mbili badala ya moja. Hapo karatasi imeshuka nusu, eneo la kupamba limeshuka nusu, muda nao unashuka, na mnunuaji hajapoteza kitu kwa sababu kadi inayojaa kiganja inapendeza kuliko likadi likubwa lenye nafasi tupu.

Alafu angalia hili la mkunjo. Karatasi ina nyuzi, na kiwandani nyuzi nyingi zinalala kufata uelekeo mashine inakokimbilia. A4 nyingi nyuzi zake zinaenda kwa urefu, sambamba na ule upande wa 297. Wewe ukikunja A4 katikati mkunjo wako unakatiza nyuzi, unazivunja, ndio maana panachanika. Ukiikata kwanza ikawa A5 mbili alafu kila moja ukaikunja, mkunjo unalala sambamba na nyuzi na unakaa vizuri kabisa. Usiniamini tu, jaribu: shika karatasi uipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, upande unaopinda bila ubishi, mstari wa mkunjo wake ndio sambamba na nyuzi. Fanya hivo kila ukinunua stoku mpya kwa sababu manila inayokatwa kutoka kwenye shiti kubwa huwezi jua mwenye duka kaikata vipi, na ukinunua shiti nzima ukakata mwenyewe unachagua uelekeo unaoutaka.

Kabla ya kukunja piga mstari kwanza. Chukua kalamu ya bic iliyoisha wino na rula ya chuma, kandamiza mstari katikati mpaka uone mfereji, alafu kunja mfereji ukiwa upande wa nje na kile kinundu kibaki ndani. Wengi wanafanya kinyume na inaonekana sawa siku ya kwanza, baadae karatasi nzito inaanza kupasuka juu ya mkunjo. Na kuhusu uzito, manila nyingi za shuleni ni nyepesi kwa kadi yenye kitambaa juu, tafuta ya gramu 250 mpaka 300 kwa mita ya mraba (gsm) ambayo haing'ai. Ile ngumu ya kung'aa wanayochapia bizinesi kadi achana nayo, gundi haishiki vizuri na mtu akitaka kuandika ndani wino unachafuka.

Sasa kupinda. Gundi nyeupe ina maji, yale maji yanaingia kwenye karatasi upande mmoja nyuzi zinavimba, zikikauka zinarudi na kuvuta, na kitambaa nacho kinavuta kivyake, kadi inakunjamana. Huwezi kulimaliza kwa kuweka kitabu juu peke yake. Dawa ni kutobandika moja kwa moja kwenye kadi. Kata kijikaratasi kigumu kidogo kuliko uso wa kadi, tuseme 85 kwa 125, bandika khanga au gome juu ya hicho, paka gundi nyembamba kwa brashi au kipande cha sponji, weka chini ya kitu kizito usiku mzima ukitenganisha na karatasi isiyoshika gundi, asubuhi kikiwa kikavu kabisa ndio unakiweka kwenye kadi kwa selotepu ya pande mbili. Selotepu haina maji kwahiyo kadi yenyewe inabaki bapa. Faida nyingine, na mimi naiona kubwa kuliko hiyo ya kwanza, ukikosea pambo umepoteza kijikaratasi tu, hujapoteza kadi nzima.

Khanga mpya ifue kwanza, ina wanga wa kiwandani na rangi ya ziada ambayo ikikutana na gundi mbichi inavujia kwenye karatasi nyeupe. Ipige pasi. Kama kingo zinachambuka muone fundi cherehani jirani akuuzie kidogo ile gundi ya kitambaa wanayoweka kwenye kola, unaipiga pasi nyuma ya khanga kabla hujakata, kitambaa kinakua kigumu kinakatika kama karatasi na gundi nyeupe haipenyezi kuja juu.

Magome ya mgomba hapo kua makini sana. Yanaonekana makavu kumbe ndani yana unyevu, ukiyafungia kwenye nailoni hasa kipindi cha masika, wiki mbili baadae yana ukungu na mteja hakupigii simu kukwambia, anaacha tu kununua. Yaanike mpaka yakunje yenyewe, yapangue yawe membamba, yapige pasi ya moto wa wastani katikati ya karatasi mbili, alafu yahifadhi kwenye boksi la karatasi. Na kadi iliyomalizika usiivalishe nailoni, zungushia ukanda wa karatasi unaoshika kadi na bahasha pamoja, uandike hapo jina la biashara na namba ya simu. Rahisi, na unyevu haufungiwi ndani.

Kwenye muda. Dakika 40 kwa kadi ni kwa sababu unatengeneza kadi moja mwanzo mpaka mwisho, unakata, unaacha mkasi unashika gundi, unasubiri ikauke, unarudi kwenye mkasi. Kuna dada mmoja wa Marekani, Esther Howland, wa mji wa Worcester jimbo la Massachusetts, alianza kutengeneza kadi za Valentine nyumbani kwao mwishoni mwa miaka ya 1840. Baba yake alikua na duka la vitabu na vifaa vya kuandikia, kaka yake alipokwenda safari ya biashara akabeba sampuli zake. Inaelezwa yeye alitegemea oda za kama dola 200, kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000. Asingeweza peke yake, kwahiyo akaita rafiki zake wakakaa chumba kimoja pale nyumbani, mmoja anakata picha, mwingine anapanga rangi za chini, mwingine anabandika kwa kufata sampuli aliyoitengeneza Esther. Baadae wengine akawa anawapelekea maboksi ya vifaa wakafanyia majumbani kwao. Kadi zikawa zinafanana ubora japo mikono ni tofauti. Mpangilio huo huo unakufaa wewe na watoto au jirani: siku ya kwanza kata karatasi zote 60 na upige mistari, siku ya pili kata vitambaa vyote, siku ya tatu bandika vyote uvilaze chini ya uzito, siku ya nne unganisha. Ukifanya hivi kwenye A6, dakika 15 kwa kadi inawezekana bila kukimbizana. Saa ya simu iwe mezani upime kweli, usikisie.

Tuje kwenye hela, na hapa naomba usome taratibu. Tuseme saa yako moja ya kazi ni 2,000, na sijui kwanini kina mama wengi saa yao wanaihesabu sifuri wakati dada wa kazi wanamlipa. Dakika 40 ni kama 1,330. Jumlisha vifaa 850, kadi moja inakugharimu 2,180. Unauza 2,000. Kwahiyo kila anayekusifia akinunua unamuongezea 180 kutoka mfukoni kwako, na hapo hatujagusa nauli wala kadi zilizoharibika. Hela huioni kwa sababu haipo.

Kadi mpya ya A6 piga hivi, bei weka za kwako, mimi natumia za mfano: karatasi 150, bahasha 150, khanga na gundi 150, ukanda 50, inafika 500. Ongeza 100 ya nauli na zinazoharibika, 600. Dakika 15 zako ni 500. Jumla 1,100. Duka wauzie 1,700, wao waweke 3,000. Kwa kadi 60 utapokea 102,000, vifaa na nauli vimekula 36,000, kwako inabaki 66,000 kwa kazi ya masaa 15. Kati ya hiyo 30,000 ni mshahara wako na 36,000 ni faida ya biashara, ziweke mbali mbali hata kama ni kwenye kopo, maana ile faida ndio inanunua stoku ya oda inayofata.

Duka wakisema 1,700 ni kubwa, punguza mapambo sio mshahara, watengenezee aina nyepesi yenye ukanda wa pindo tu ya dakika 8. Na wewe ukiuza wasap au kanisani uza 3,000 hiyo hiyo, ukishusha chini ya bei yao mteja atakutafuta wewe leo, kesho duka halitaki tena mzigo wako, na watakua na haki.

Waulize mapema wanalipa vipi. Wakinunua jumla omba nusu tangulizi, inatosha kununulia vifaa. Wakitaka mali kauli, yaani wachukue mzigo wakulipe ukishauzika, usikatae moja kwa moja, ila usiwaachie 60, waachie 20, andika karatasi nakala mbili yenye idadi, bei, tarehe ya kuja kuhesabu na nani anabeba hasara kadi ikichafuka dukani, sahihi pande zote. Mali kauli bila maandishi nimeona inawavunja watu wenye kazi nzuri kabisa.

Mashine subiri kwanza. Ile inakata maumbo ya karatasi vizuri lakini inataka umeme, kompyuta au simu nzuri, mikeka na visu vya kubadilisha, na uzuri wa kadi zako uko kwenye khanga na gome, mashine haiongezi kitu hapo. Nunua kisu kikali cha kukatia, rula ya chuma na ubao wa kukatia. Karatasi nyingi kwa pamoja wapelekee watu wa steshenari wenye gilotini wakukatie kwa hela kidogo, kingo zitanyooka kuliko kwa mkasi.

Kitu kingine hujauliza lakini nimekipenda mwenyewe nikifikiria kadi zako. Khanga ina pindo (ukingo wake), ina mji (ile sehemu ya katikati) na ina jina (yale maandishi). Wewe nadhani unakata popote. Kata kwa mpango: pindo litoe kadi nyingi za kawaida, na lile jina likate kama ukanda mmoja uliweke mbele ya kadi maalum, bei ya juu, maana kila khanga ina jina moja tu. Chagua doti yenye maneno ya upendo, dua au shukrani, yale ya mafumbo na vijembe yaache yatakuletea kesi kwenye bethdei ya mtu. Ndani pabaki patupu watu waandike wenyewe. Nje ukiandika, andika Kiswahili, na usisahau kadi za pole na rambirambi, rangi zilizotulia, kwa sababu watu wanazihitaji na wanaozitengeneza kwa heshima ni wachache. Nembo za timu na katuni za watu usiweke bila ruhusa, zina wenyewe.

Usajili kwa kifupi: chukua TIN (namba ya mlipakodi) pale TRA, jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwenye mfumo wao wa mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na leseni waulize halmashauri yako. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo hapo Morogoro, pita uwaulize mafunzo ya vifungashio na kukokotoa bei.

Kwenye msimu, kadi za Krismasi duka wanazihitaji Novemba, na Idi inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwahiyo hesabu kutoka Idi iliyopita uanze kukata mwezi mmoja na nusu kabla.

Kwa hii oda, kabla hujakata 60, tengeneza sampuli tatu za A6, ziingize kwenye bahasha zake, nenda nazo dukani na bei yako imeandikwa. Moja waachie waiweke karibu na dirisha wiki mbili, uone ile rangi ya khanga uliyochagua inahimili jua au inapauka, ikipauka badilisha doti mapema kabla hujanunua ya oda nzima.