Pikapu ya darajani huchaguliwa kwa kusikiliza ya shingoni

Unapiga gitaa la umeme kwa pikapu ya shingoni, kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, sauti inajaa, nene na tulivu. Unageuza swichi kwenda kwa ile ya darajani, mahali nyuzi zinapoishia mwilini, na gitaa linakuwa jembamba, linachoma masikio, na sauti inashuka kana kwamba mtu kapunguza volyumu. Wengi wakifika hapo huenda dukani kuulizia pikapu yenye nguvu kuliko zote. Wakiifunga, sasa ya darajani inafunika kila kitu, ile ya shingoni waliyoipenda inasikika kama iko chumba cha pili, na swichi ikikaa katikati hutoka matope.

Pikapu ya darajani haina ubora wake peke yake. Hupimwa kwa mwenzake wa shingoni aliye kwenye gitaa hilo hilo. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la kampuni au kutoa pesa, jiulize kama ile ya shingoni unaipenda ilivyo. Ukiipenda, hiyo ndiyo kipimo. Usipoipenda, badilisha hiyo kwanza.

Sababu ya tofauti iko kwenye uzi wenyewe. Uzi ukipigwa hutikisika zaidi katikati, na kadiri unavyolisogelea daraja mtikisiko unapungua hadi kwisha. Chukua gitaa la umbo la Stratocaster (Strat), lenye urefu wa uzi wa milimita 648. Pikapu ya shingoni iko karibu milimita 162 kutoka darajani, yaani robo ya uzi. Ya darajani iko kama milimita 40 tu. Kwa sauti ya msingi ya uzi usiobonyezwa, mtikisiko unaoifikia ya darajani ni chini ya theluthi moja ya ule wa shingoni. Zile sauti ndogo za juu zinazofuatana na ya msingi hazipungui kiasi hicho, ndiyo maana unachosikia ni makali mengi na mwili kidogo. Ukifunga pikapu mbili zinazofanana kabisa kwa urefu uleule, ya darajani itaonekana mgonjwa hata kama ni nzima.

Bisibisi kwanza

Hambaka (pikapu za koili mbili) za kampuni ya Gibson za mwishoni mwa miaka ya 1950 hazikutengwa kuwa za shingoni na za darajani, na bado magitaa yale yanatafutwa hadi leo. Uwiano ulipatikana kwa skrubu za urefu. Fanya vivyo hivyo kabla ya kununua chochote.

Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya nguzo ya sumaku, kisha rudia kwa uzi wa kwanza. Kwa hambaka anza na milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani. Kwa pikapu za koili moja za Strat anza na milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyuzi nyembamba. Weka amplifaya kwenye sauti safi, vitufe vyote vya gitaa vikiwa kwenye 10. Usifanye kazi hii ukiwa na distosheni, kwa sababu distosheni hubana sauti kubwa na ndogo zikalingana, ukadhani umemaliza.

Sasa shusha ya shingoni, nusu mzunguko wa skrubu kila mara, ukipiga kodi ileile kwa nguvu ileile na kugeuza swichi. Karibu kila mtu hukimbilia kupandisha ya darajani, na hapo ndipo kosa linapoanza. Ya shingoni ikishuka kidogo husafika, besi yake huacha kuvimba, na pengo kati ya mbili hizo hufunga. Pikapu za koili moja zikiwa juu sana zina ubaya wa ziada: sumaku huuvuta uzi, na uzi wa sita kwenye freti za juu hutoa sauti mbili zinazogombana, ukahangaika na tyuningi ambayo haina kosa lolote.

Baada ya hapo utakuwa umejua ugonjwa. Kama sauti zimelingana na unaridhika, funga gitaa upige. Kama zimelingana kwa ukubwa lakini ya darajani bado inachoma, nguvu zaidi si dawa. Unahitaji sumaku laini zaidi, au kidhibiti cha toni. Strat za mpangilio wa zamani hazina toni kwenye pikapu ya darajani kabisa. Kipande kimoja cha waya, kikiunganisha mguu wa darajani na mguu wa kati kwenye upande wa toni wa swichi, hukupa toni hiyo kwa gharama ya risasi kidogo ya kulehemu. Ikiwa tu ya darajani imefika milimita 1.5, ya shingoni imeshuka hadi 3 au zaidi, na bado ya kwanza ni dhaifu, ndipo ununue.

Namba zinazodanganya

Wauzaji huandika ukinzani, kwa kiloomu, na wanunuzi huusoma kama nguvu. Ukinzani hukueleza urefu na unene wa waya, basi. Waya namba 42 ndio wa hambaka za kale. Namba 43 ni mwembamba zaidi na 44 mwembamba kuliko huo, na mwembamba una ukinzani mkubwa kwa kila mzunguko. Mfano mzuri ni gitaa la Telecaster. Ya shingoni, yenye koili ndogo ya waya namba 43, mara nyingi husoma juu kuliko ya darajani yenye waya namba 42, na bado ya darajani ndiyo yenye misuli. Vilevile JB, hambaka ya kampuni ya Seymour Duncan, husoma kama kiloomu 16 kwa sababu ya waya wake mwembamba. Ina nguvu kweli, lakini si mara mbili ya hambaka ya kiloomu 8.

Hata joto huingia. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu iliyopimwa 8.0 kiwandani kwenye nyuzi 20 itasoma karibu 8.4 mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32. Usirudishe mzigo kwa tofauti hiyo.

Namba ninayoiamini zaidi ni induktansi, inayoandikwa kwa henri. Hiyo, ikikutana na waya unaokwenda kwenye amplifaya, ndiyo huamua makali yanasimama wapi, yaani yanafika kilele wapi. Kwa waya wa mita 5 hivi, koili moja ya Strat yenye henri 2.4 husimama karibu na hezi 4,200. Hambaka ya kale yenye henri 4.4 husimama karibu na 3,100. Yenye henri 8, kama JB, hushuka hadi karibu 2,300. Hapo ndipo penye siri ya malalamiko mengi: ukinunua pikapu kali mno halafu ukaishusha ili ilingane na ya shingoni, ukubwa unapungua lakini induktansi inabaki palepale. Makali uliyoyapoteza hayarudi kwa bisibisi.

Zipi zinakaa pamoja

Kwa hambaka ya shingoni ya kiloomu 7.3 hadi 7.8, sumaku ya aina ya alniko 5, waya namba 42, ninapendekeza ya darajani ya waya uleule iliyozidi kwa kiloomu 0.5 hadi 1.5, basi. Hiyo ndiyo njia ya usalama, na mahali pa katikati pa swichi patakuwa pazuri. Anayepiga solo ya rumba au benga kwa sauti safi asipite hapo. Noti zake zinaenda mbio na lazima kila moja isikike imesimama peke yake. Pikapu ya henri 8 itamchanganyia.

Anayetaka roki yenye distosheni anaweza kuruka hadi JB au DiMarzio Super Distortion, mradi ya shingoni iwe angavu. JB na Jazz, zote za Seymour Duncan, ni ndoa ya siku nyingi kwa sababu Jazz ina besi iliyokazwa na makali ya kutosha, haizami mwenzake akinguruma. Ukiweka JB na hambaka ya shingoni iliyo nene na laini, utapenda kila moja kivyake na kuchukia zikiwa pamoja.

Kwa gitaa lenye koili moja shingoni, ya kiloomu 6 hivi, na nafasi ya hambaka darajani, chukua hambaka ya kiloomu 7.5 hadi 9 yenye alniko 5 au alniko 2. Sumaku ya seramiki yenye nguvu hapo huifanya ile ya koili moja ionekane imezimika.

Alniko 2 hulainisha makali na besi. Alniko 5 hukaza besi na kuongeza mng'aro. Seramiki huongeza nguvu na ukali wa mshindo wa kwanza. Kwenye hambaka sumaku hubadilishika bila kugusa koili: legeza skrubu nne za chini, sukuma ya zamani itoke, ingiza mpya. Weka alama upande uliokuwa unatazama koili ya skrubu. Ukiigeuza, utaona hapa chini kinachotokea.

Kabla ya kulehemu

Pima nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale darajani, si shingoni, kwa kuwa nyuzi hupanuka zikienda nyuma. Hambaka ya kawaida ina milimita 50 hivi; gitaa lenye daraja la aina ya Fender huhitaji kama 52 au 53. Usipoangalia hilo, uzi wa kwanza hupita nje ya nguzo yake.

Angalia poti, yaani vidhibiti vya volyumu na toni. Hambaka huwekewa za kiloomu 500, koili moja za 250. Hambaka kwenye poti ya 250 itakuja butu na utailaumu bure. Gitaa lenye aina zote mbili na volyumu moja, weka 500, kisha rezista ya kiloomu 470 sambamba na koili moja tu. Koili hiyo itaona kama 242, itatulia.

La mwisho ni uelekeo wa sauti, ambao huharibu kazi nyingi zilizofungwa vizuri. Pikapu za kampuni mbili tofauti zinaweza kusukumana kinyume: kila moja peke yake ni nzuri, zote mbili pamoja hutoa sauti ya puani isiyo na besi. Pima kabla ya kulehemu. Unganisha multimita ya mshale kwenye nyaya za pikapu, gusisha bisibisi ya chuma kwenye nguzo kisha ichomoe ghafla. Mshale utaruka juu au chini. Rudia kwa ile nyingine. Zote mbili ziruke upande mmoja.

Zikipishana, badilishana waya wa sauti na wa ardhi kwenye mojawapo. Lakini hambaka yenye mfuniko wa chuma na waya mmoja uliozungukwa na wavu usiigeuze hivyo, maana mfuniko wote utakuwa waya wa sauti na utavuma kila ukiugusa. Hapo geuza sumaku yake, matokeo ni yaleyale. Kwa zenye nyaya nne, kumbuka rangi hazifanani: Seymour Duncan hutoa sauti kwa nyeusi na huunganisha nyekundu na nyeupe, ilhali DiMarzio hutoa sauti kwa nyekundu na huunganisha nyeusi na nyeupe. Kijani ni ardhi kwa zote mbili, pamoja na waya ulio wazi.

Ukishalehemu, rudi kwenye milimita 2.4 na 1.6, swichi katikati, sauti safi, uanze tena nusu mzunguko kwa nusu mzunguko.