Mmea ukinyong'onyea, anza na udongo

Wewe unayeanza kupanda maua nyumbani, ombi langu la kwanza ni hili: mmea ukionyesha dalili ya kuumwa, usikimbilie mbolea wala dawa. Ingiza kidole udongoni uone kama kuna unyevu. Wengi wanaoniuliza kuhusu haibiskasi inayopukutisha majani au krotoni iliyolegea huwa wameshatia mbolea, wameshapuliza dawa na wameongeza maji, kumbe udongo ulikuwa chepechepe tangu mwanzo.

Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukishiba maji muda mrefu, nafasi zote za hewa hujaa, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kuoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji, ndiyo maana mmea uliozidishiwa maji hunyauka kama ule uliokaukiwa. Hapo ndipo watu wanapoua mimea kwa huruma: wanaona majani yamelegea, wanaongeza maji. Kama majani yamelegea na udongo bado umelowa, acha kumwagilia. Ukiona hauinuki, uchomoe taratibu kwenye chungu uitazame mizizi. Mizima mara nyingi huwa myeupe au ya rangi hafifu, na ukiibinya ni migumu. Iliyooza huwa ya kahawia nzito au nyeusi, ina harufu mbaya, na ukiivuta ganda linavuka mkononi unabaki na uzi mwembamba. Ikate yote kwa mkasi safi, badilisha udongo, punguza matawi kiasi, uweke mmea kivulini mpaka ushike tena.

Chungu kisicho na tundu chini sikishauri hata kidogo. Kokoto zinazowekwa chini ya chungu nazo hazisaidii kama wengi wanavyoamini. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto zinalisogeza tope karibu zaidi na mizizi. Afadhali uchanganye udongo wote vizuri: mboji iliyoiva, mchanga wa chengachenga, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ukiyapata. Ukihamisha mmea, chagua chungu kinachozidi cha zamani kwa vidole viwili au vitatu tu. Kikiwa kikubwa mno, udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji siku nyingi.

Ukisharidhika na udongo, njoo kwenye majani, na uangalie ni yapi yaliyogeuka manjano. Hili lina thamani kubwa kuliko picha zote za magonjwa utakazoonyeshwa. Naitrojeni na magnesi ni virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha kutoka jani kuukuu kwenda jani changa, kwa hiyo vikipungua, majani ya chini ndiyo yanayotangulia kugeuka. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikikosekana, majani machanga ya juu ndiyo yanayopauka, huku mishipa yake ikibaki kijani. Na jani moja moja la chini likizeeka na kudondoka wakati mmea unachipua vizuri, huo si ugonjwa.

Iksora hunipa mfano mzuri wa hili. Hupenda udongo wenye asidi kidogo, lakini watu hupenda kuipanda ikiambaa na ukuta wa nyumba. Chokaa inayotoka kwenye saruji hupandisha alkali ya udongo, na chuma kilichomo kinafungika kisiweze kunyonywa. Majani machanga yanatoka ya manjano, mwenye mmea anarundika samadi, na hakuna kinachobadilika. Dawa yake ni kuusogeza mmea mbali na ukuta, au kutumia mbolea ya chuma iliyotengenezwa isifungwe na udongo. Kabla ya hapo, hakikisha mizizi haijaoza, maana mizizi mibovu nayo huleta dalili hiyohiyo.

Halafu geuza jani. Vidukari, inzi weupe, vidung'ata vinavyofanana na vinyuzi vya pamba, wote hupenda kukaa chini ya jani na kwenye maungio. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, au jani linanata, wafuate sisimizi watakuonyesha walipo wadudu, kwa sababu wanafuata utamu unaotolewa na wadudu hao. Ukungu mweusi kama masizi unaota juu ya utamu huo, na hauondoki kwa dawa ya ukungu kama wadudu bado wapo. Kwa utitiri mwekundu, weka karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge: vidoa vidogo vikianza kutembea, umewapata. Mara nyingi nguvu ya maji chini ya majani, ikifuatiwa na sabuni laini ya maji, kijiko kidogo kwa lita moja, inatosha. Ijaribu kwanza kwenye jani moja, puliza jioni, na urudie baada ya siku kadhaa kwa sababu mayai hayafi.

Bogenvilia ina tabia yake. Inayokataa kuchanua mara nyingi imedekezwa: maji mengi, mbolea yenye naitrojeni nyingi, jua dogo. Itakupa majani na miiba. Ipe jua kali angalau saa sita, acha udongo ukauke kati ya mwagilio mmoja na mwingine, na pogoa mara tu wimbi la maua linapokwisha, maana huchanua kwenye machipukizi mapya. Unapoihamisha, usiuvunje udongo ulioshikana na mizizi, kwani mizizi yake ni dhaifu sana.

Frangipani ikipukutisha majani msimu wa baridi au ukame, usihangaike, inapumzika. Ila vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Okota majani yaliyoanguka uyatupe mbali, na usimwagie maji juu ya majani. Helikonia ni rahisi: shina likishachanua halirudii tena, likate chini. Oleanda, difenbakia na adeniamu zina utomvu wa sumu au wa kuwasha, kwa hiyo vaa glavu na uzipande pasipofikiwa na watoto.

Chochote utakachobadilisha, badilisha kimoja kwa wakati, kisha subiri wiki mbili tatu. Usilitazame jani lililokwisha kugeuka manjano, kwani mara nyingi halirudi kuwa kijani. Tazama chipukizi jipya, hilo ndilo litakalokupa jibu.

Na kama mizizi imeoza vibaya, usingoje matokeo mikono mitupu. Siku hiyohiyo chukua vipandikizi kwenye matawi ambayo bado ni mazima. Kwa haibiskasi na krotoni, kata urefu wa sm 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapochomoza), ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu na uweke kivulini. Cha frangipani kiache kwanza mahali pakavu kama wiki moja hadi jeraha likauke, ndipo ukipande.