Kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint kwenye mashine za steshenari: yaliyonikuta

Mkuu, nimesoma swali lako. Una laptopu ya i3 kizazi cha 6, RAM GB 4, Windows 11 imeikataa, na unaogopa kwamba ukihamia Linux mafaili ya Word ya wateja yatakuharibikia mkononi. Mimi nina steshenari hapa Morogoro, mashine tatu, na hofu hiyo naijua, nimelala nayo. Mbili zina Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, kwa zaidi ya mwaka sasa. Ya tatu nimeiacha na Windows kwa makusudi, nitakueleza kwa nini.

Kwanza ujue laptopu yako si mbovu. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo yako imeachwa na masharti tu. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha 14 Oktoba 2025. Microsoft wamefungua nyongeza kwa watu binafsi wanaojiandikisha, mpaka 13 Oktoba 2026, kwa hiyo usifanye jambo hili usiku mmoja kwa presha. Kuna fundi atakuambia atakupigia Windows 11 kwa kuruka hayo masharti. Inawaka kweli. Nilipigiwa kwenye mashine moja ya GB 4, nikafungua Word na brauza kwa pamoja, nikabaki naangalia kiduara kinazunguka mbele ya wateja. Niliitoa wiki ile ile.

Kilichonisukuma hasa si wepesi, ni flashi. Kila mwenye steshenari anavijua vile virusi vinavyogeuza folda zote kuwa shotikati. Mwanafunzi anachomeka, kesho mashine nzima imeambukizwa, na wewe ndiye unayeonekana umemharibia kazi. Mwezi wa kwanza na Mint alikuja binti analia, kazi yake ya utafiti imepotea kwenye flashi. Nikaichomeka. Zile shotikati zilikuwepo, zimelala tu, maana zimeandikwa kwa ajili ya Windows na Mint haina cha kufanya nazo. Pembeni yake kulikuwa na folda isiyo na jina, nafasi tupu chini ya picha ya folda. Nikaibofya mara mbili: sura zake zote tano zimo, na picha za simu juu. Kirusi kilikuwa kimezificha, na maficho yale yanafanya kazi kwenye Windows, huku hayana nguvu. Nikamhamishia kwenye barua pepe yake akiwa amesimama hapo hapo. Kwa siku ile moja tu ningehama hata kama nisingepata faida nyingine. Ila angalia: mafaili ya kirusi bado yamo kwenye flashi, usipoyafuta yatampata mwenye Windows huko aendako.

Sasa Word, maana ndipo mkate wetu ulipo. Mint inakuja na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayoshika nafasi ya Word, na mafaili ya Word (docx) yanafunguka vizuri. Kilichonitesa ni fonti. Wiki ya pili kijana kaleta ripoti ya field, kurasa 43, yote Calibri, orodha ya yaliyomo kaipanga kwa mkono na namba zake. Nikaifungua, nikaiamuru printa, nikageukia mteja wa kopi. Kurasa 20 zimeshatoka ndipo macho yakaangukia kona ya chini ya skrini: ukurasa wa 20 kati ya 51. Jedwali la sura ya tatu limekatika, kichwa chake huku, safu zake ukurasa unaofuata. Calibri haikuwemo kwenye mashine, LibreOffice ikaweka fonti nyingine pana zaidi, kila mstari ukasukuma neno chini, mpaka mwisho kurasa nane zimeongezeka. Karatasi zile nililipia mimi, kosa lilikuwa langu, sikuangalia.

Dawa yake ipo na ni ya bure. Kuna fonti inaitwa Carlito, upana wa kila herufi ni sawa na wa Calibri, kwa hiyo mstari unakatika pale pale. Caladea inashika nafasi ya Cambria, na Liberation Serif nafasi ya Times New Roman. Fungua Software Manager ya Mint, tafuta jina, bofya kuweka. Tangu siku ile kila ripoti inayoingia dukani namuuliza mwenyewe ina kurasa ngapi kabla sijagusa printa. Namba zikipishana hatuprinti. Kama ameandika kwa Aptos, ambayo Word mpya ndiyo inaanza nayo siku hizi, au ana hesabu nyingi za alama, namwomba aje na PDF. Wengi hawakatai.

Jambo moja linanifurahisha kila nikilitaja: LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Ukiiweka, barua ya kuomba kazi haijazwi tena mistari myekundu kana kwamba kila neno ni kosa. Wenye umri wangu mtakumbuka Jambo OpenOffice ya 2004, kazi ya mradi wa Kilinux na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, menyu zote kwa Kiswahili. LibreOffice ilizaliwa 2010 kutoka OpenOffice hiyo hiyo. Naumia kwamba vijana wengi wa vyuo hawajui kuwa jambo hilo lilishafanyika hapa kwetu.

Printa inategemea aina. Za HP nyingi zinatambuliwa zenyewe, na mpya nyingi zinazoprinti moja kwa moja kutoka kwenye simu huwa hazina shida. Lakini baadhi ya printa ndogo za leza zinahitaji programu ya kiwanda iliyotengenezwa kwa Windows peke yake. Ninayo moja ya hivyo, nilipoteza Jumapili nzima nayo, haikukubali. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ile mashine ya tatu. Sababu ya pili ni Photoshop: kijana wangu wa picha za pasipoti ana mkono wa miaka kwenye Photoshop, na haina toleo la Linux. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inaweza kazi ile, ila mteja anayekimbilia ofisi kabla haijafungwa hawezi kumsubiri mtu anajifunza. Publisher vilevile haipo. Mashine hiyo nimeitoa kwenye intaneti na flashi za wateja haziguswi hapo. Picha zinapita kwanza kwenye Mint.

Kuhusu RAM yako, Mint inatoka kwa sura tofauti: chukua ya Xfce iliyo nyepesi, usichukue Cinnamon iliyo nzito zaidi. Kwangu ikishawaka inakula chini ya GB 1, inabaki nafasi ya brauza na LibreOffice. Toleo la 22 litahudumiwa mpaka 2029. Lakini nisikudanganye: kama bado una diski ya kuzunguka, nusu ya wepesi ninaousifia ilitokana na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, niliyoweka siku hiyo hiyo. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, anza na SSD.

Usifute kitu kwanza. Faili la Mint ni karibu GB 3, tafuta bando la usiku, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, kisha uwashe laptopu kupitia flashi hiyo. Mint inafunguka nzima bila kugusa diski. Hapo jaribu kazi zako zenyewe: Wi-Fi, sauti, printa, ripoti tatu ndefu za wateja. Wi-Fi isipoonekana usikate tamaa, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti, fungua Driver Manager, uone kama kuna draiva inakusubiri. Mashine yangu moja ilipona hivyo. Na kabla ya kugusa mafaili ya Windows ukiwa Mint, rudi Windows uzime Fast Startup (kile kipengele cha kuwaka haraka, kinachofanya Windows isizime kabisa), la sivyo diski itafunguka kwa kusoma tu na utadhani imeharibika. Ukishaamua, nakili kila kitu kwenye diski ya nje na ufungue mafaili machache huko uone yanasomeka, ndipo ubofye kitufe cha kuweka.

Niandikie hapa modeli ya printa yako na kama diski ni ya kuzunguka au SSD. Hayo mawili nikiyajua naweza kukuambia kama uhame mzima au uanze kwa kuweka mifumo yote miwili kwenye mashine moja.